Saa Iliyosimama Kunduchi

"Mke mwenzangu, tunakwenda kuzuru makaburi au tunakwenda kuolewa?"

Bibi Mwanamkuu alikuwa amesimama mlangoni, mkononi kashika kikapu cha ubani na machoni kajaza uchokozi. Siwema ndiyo kwanza alikuwa anafungua doti nyingine ya khanga. Zile alizozijaribu tangu alfajiri zilikuwa zimelala kitandani hovyo, kama wageni waliokosa chakula.

"Bibi nawe! Navaa tu."

"Ee, unavaa tu. Na mimi nilipokuwa navaa tu namna hiyo, babu yako alikuwa akipita chini ya dirisha anajidai anatafuta mbuzi. Mbuzi mwenyewe hajapata kumiliki!"

Siwema alitaka kujibu, lakini honi ililia nje, fupi na ya adabu, kama mtu anayekohoa kabla ya kupiga hodi. Akajikuta ameivaa ile ya maua mekundu bila kujua ameichagua saa ngapi. Bibi akamtazama juu mpaka chini, akaguna, akasema, "Haya. Mbuzi kaja."

Mbuzi alikuwa Tarsis, na alikuja na pikapu ya Pijo ya baba yake mdogo, Mzee Isidori, mwenye duka Mtaa wa Narung'ombe. Alikuwa kijana mrefu wa Kibosho, mweusi wa kung'aa, mwenye kicheko kinachoanzia machoni na kuchelewa kufika mdomoni. Asubuhi hiyo alivaa shati jeupe lililopigwa pasi mpaka mikunjo ingeweza kukata mkate.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mume wangu. Na wewe umevaa tu?"

Tarsis hakuelewa, lakini alimwona Siwema nyuma ya bega la bibi na khanga yake ya maua mekundu, akasahau kwamba ameulizwa swali.

Aliyemzindua ni Mzee Mwinyimvua, baba yake Siwema, aliyekuwa anafunika meza yake pale barazani. Mzee Mwinyimvua alikuwa fundi saa. Nusu ya Kariakoo iliamka, ikala na kusali kwa saa zilizopita mikononi mwake, ingawa yeye mwenyewe mkono wake ulikuwa mtupu mwaka hadi mwaka. Saa yake ilikuwa mezani, imefumuliwa, inangoja nafasi baada ya wateja. Majirani walimtania kwa hilo mpaka wakachoka.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Saa yako inaendeleaje?"

"Inakwenda vizuri, mzee."

"Ajabu. Kumbe Jumapili haiumwi."

Tarsis akaangalia viatu vyake. Siwema akaangalia paa la jirani. Tangu masika yaliyopita kijana huyu alikuwa analeta saa ile ile ya mkono kwenye meza ile ile. Leo imesimama, kesho inachelewa, keshokutwa inatoa mlio asiouelewa. Mzee aliifungua, akaisafisha, akaitia mafuta, akaisikiliza. Muda wote huo mwenye saa alikaa kwenye benchi la baraza, na ndani ya dirisha la baraza kulikuwa na cherehani, na nyuma ya cherehani kulikuwa na Siwema. Hayo ndiyo yaliyokuwa mapenzi yao: benchi, dirisha, na maneno machache yaliyopenya katikati ya mlio wa cherehani.

Sasa hata hayo machache yalikuwa yanakwisha. Bakili, mwuza vipuri wa Gerezani, alikuwa ameleta posa. Mtu mzima, mwenye heshima, Mwislamu, na ndugu wa mbali wa ukoo. Kasoro yake moja, kwa maneno ya bibi, ilikuwa kwamba anacheka kama mtu anayelipia. Mzee Mwinyimvua alikwisha ahidi kutoa jibu Jumatatu, na Jumatatu yenyewe ilikuwa kesho.

Safari hii Siwema ndiye aliyeipika. Bibi yake alikuwa mzaliwa wa Kunduchi, na kwa miaka alikuwa akililia kwenda kuzuru kaburi la mama yake. Siwema akapenyeza neno dirishani, Tarsis akaenda kuliomba gari. Kila mtu akadhani wazo ni lake.

"Mzee," Tarsis alisema akiwa anampandisha bibi mbele, taratibu kama anapakia mayai, "naomba jambo moja tu. Saa saba tuwe tumeanza kurudi."

Hakuhitaji kueleza. Miaka ile petroli ilikuwa adimu, na Jumapili ikigonga saa nane za mchana, gari la mtu binafsi halikuruhusiwa kuonekana barabarani mpaka Jumatatu. Ukikamatwa, utalala kituoni wewe na gari lako. Tena Mzee Isidori alikuwa na sheria yake juu ya ile ya serikali. Alimwambia Tarsis wakati anamkabidhi ufunguo: gari lisipolala uani, na wewe usije kulala kwangu. Jumatatu alfajiri lilikuwa na mzigo wa kubeba.

"Umesikia, mama?" Mzee Mwinyimvua akacheka. "Mchaga keshaanza kulililia gari kabla halijaondoka! Hawa wenzetu mtu akiumia watampa pole. Gari likikwaruzwa, wanaweka matanga."

Tarsis alicheka pia, kwa sababu kucheka ndiko kulikobaki. Siwema hakucheka. Alijua baba yake akitaka kukataa kitu hukianzia kwenye mzaha.

Walipanda, mzee na mama yake mbele. Mama yake Siwema alibaki, kwani gari humtapisha. Siwema akakaa nyuma juu ya mkeka pamoja na mpwa wake Sitara, msichana wa darasa la kwanza asiyejua kunyamaza, wakalinda kapu la maandazi, samaki wa kukaanga wa Feri, na chupa ya chai.

Loo, Jumapili za Dar es Salaam! Watu wa Kariakoo walifanya kazi wiki nzima wamebanana kama dagaa, lakini Jumapili mji uliwafungulia milango. Wengine walikwenda kutazama meli bandarini, wakibishana inayotoka Uchina ni ipi. Wengine walikwenda Pugu kupata kivuli cha msitu na kurudi na matope. Wengine walikaa tu Oyster Bay na dafu mkononi, watoto wakiyakimbia mawimbi na mama zao wakiwakimbia watoto. Siwema alizijua safari zote hizo, lakini asubuhi hiyo hakuona barabara. Aliona kioo kidogo cha dereva. Ndani ya kioo kulikuwa na macho mawili, na kila yalipopata nafasi yaliiacha barabara yakamjia yeye.

"Shangazi mdogo," Sitara akauliza, "mbona dereva anatutazama sana?"

"Anatazama magari ya nyuma."

"Nyuma hakuna gari."

"Kula andazi."

Walipofika Kijitonyama, Tarsis alipunguza mwendo ili mtoto aone Makumbusho, zile nyumba za makabila zilizojengwa kwa udongo na nyasi, na watu wamejipanga kuingia.

"Wanapanga foleni ya nini?" bibi aliuliza dirishani.

"Kuangalia nyumba za zamani, bibi."

"Wanalipa?"

"Wanalipa kidogo."

"Basi mimi wangenilipa shilingi ngapi? Nimezaliwa humo na nimevujiwa humo bure!"

Pikapu nzima ilicheka, hata Mzee Mwinyimvua. Tarsis akasema, "Siku bibi akija hapa akae mlangoni, alipwe yeye." Bibi akampiga kofi la begani, kofi la mtu aliyekwisha kuridhika. Siwema aliliona kofi lile kupitia kioo cha nyuma, akalihifadhi moyoni kama mtu anavyohifadhi sukari.

Kunduchi iliwapokea kwa upepo na harufu ya chumvi. Waliacha gari uani kwa Bi Sikudhani, aliyecheza rede na bibi utotoni, wakatembea kwenda kwenye magofu. Siwema alikuwa amesikia habari zake tu, na sasa alizunguka akiyatazama. Kuta za msikiti wa kale zilisimama bila paa, mbuyu umeota pembeni, na makaburi ya nguzo yalinyooka kama watu wanaoswali. Katika nguzo zile mafundi wa zamani walikuwa wamepachika sahani za kaure, nyingine zimebaki, nyingine zimeacha alama ya duara tu.

"Nani aliweka sahani ukutani?" Sitara aliuliza.

"Watu waliokuwa nazo," bibi akajibu, na sauti yake ilikuwa imebadilika.

Kwa sababu kaburi la mama yake halikuonekana. Aliacha makaburi makubwa, akaenda upande wa mashariki walikozikwa watu wa kawaida, na huko hakukuta makaburi. Alikuta kichaka. Miiba, ukoka na mikwaju midogo, vimesukana kama nywele zisizoona kitana.

"Lilikuwa hapa," alisema. Akasogea. "Au hapa. Baba alipachika sahani ya maua ya buluu, ile aliyokuwa anaipenda mama. Imemeguka ukingoni. Alisema akae nayo."

Tarsis alikuwa amekwisha geuka. Alirudi garini akaleta panga. Alivua viatu, akakunja mikono ya shati lake jeupe, akavua saa na kumpa Siwema bila kumtazama.

"Nishikie. Miiba itaila." Kisha akamgeukia bibi. "Bibi, mimi mgeni hapa. Unionyeshe tu nisikanyage wapi."

Bibi Mwanamkuu alimtazama kijana yule aliyesimama pekupeku mbele ya miiba. Safari hii hakuwa na mzaha wa kumpa. Alinyoosha kidole, akamwelekeza.

Tarsis alikata. Mzee Mwinyimvua aliburura matawi. Jua lilipanda, adhana ya adhuhuri ikasikika kutoka kijijini, mzee akaenda kusali na kurudi, na kichaka kilikuwa bado kichaka. Shati jeupe likawa la rangi ya udongo. Siwema alimpelekea maji, na kwa mara ya kwanza maishani mwao hapakuwa na dirisha katikati.

"Kesho baba anampa Bakili jibu," alisema kwa sauti ya chini.

Panga likasimama hewani. "Kesho ipi?"

"Kesho ziko ngapi, Tarsis?"

"Ulijua lini?"

"Tangu Ijumaa."

"Na hukuniambia?"

"Ningekuambia ungefanya nini? Ungeleta saa?"

Kauli ilimchoma, Siwema akaiona imemchoma, akatamani airudishe. Tarsis alikunywa maji yote, akamrudishia kikombe.

"Nilitaka leo wanione," alisema. "Nimfurahishe bibi, niwarudishe salama, kisha jioni nimwombe mzee ruhusa ya kuleta mshenga. Nimeyapanga maneno wiki nzima."

"Yakoje?"

"Yamepotea yote ulipotoka na hiyo khanga."

Alirudi kwenye miiba. Siwema alibaki na kikombe mkono mmoja na saa mkono wa pili, akitabasamu huku machozi yanamlenga. Hapo ndipo alipoitazama saa. Ilikuwa imeipita saa saba. Kama wangeondoka sasa hivi, wakimbeba bibi mbiombio, pengine wangewahi.

Alimtazama bibi yake. Mama mzee alikuwa amepiga magoti, anapapasa chini kwa viganja, anaongea peke yake: "Hapa palikuwa na mnazi. Mnazi uko wapi? Mama, mbona unanificha?"

Siwema alipita kwenye matawi mpaka kwa Tarsis, akamfungulia kiganja. "Tazama."

Tarsis alitazama. Siwema aliona kila kitu kikipita usoni mwake: gari, Mzee Isidori, kitanda chake nyuma ya duka, kazi yake, na maneno aliyoyapanga wiki nzima. Kisha akageuka akamtazama bibi, aliyekuwa sasa anachimbua ukoka kwa kucha. Akavikunja vidole vya Siwema kimoja kimoja, vikaifunika saa.

"Imesimama," alisema.

"Haijasimama. Naisikia."

"Imesimama, Siwema. Wewe hujui ugonjwa wa saa hiyo."

Mkono wake ulikuwa wa moto na umejaa mikwaruzo. Aliuondoa upesi, akainua panga. Siwema alisimama pale na mlio mdogo unapiga ndani ya ngumi yake, hajui ni wa saa au ni wa kwake. Alikuwa anampenda tangu masika, lakini alimpenda kwa macho na kicheko. Saa ile, katikati ya miiba, alimpenda kwa heshima. Na kutoka huko mtu harudi tena.

"Saa ngapi sasa?"

Aligeuka. Baba yake alikuwa nyuma yake, anajifuta jasho. "Si tuliambiwa saa saba? Saa ngapi?"

Siwema alifungua mdomo. "Imesimama, baba," alisema, na papo hapo akajua upumbavu wake. Katika watu wote wa Dar es Salaam, hilo alimwambia fundi saa!

"Imesimama?" Uso wa mzee ukachangamka, kama daktari aliyetajiwa homa. "Lete."

"Baba, nitampa mwenyewe…"

"Lete, mwanangu."

Alimpa. Mzee Mwinyimvua hakuitazama. Aliiweka sikioni, akafumba macho kama alivyozoea mezani. Tarsis alikuwa amesita, jasho linamchuruzika, panga limening'inia. Hapakuwa na sauti ila viganja vya bibi kwenye ukoka. Mzee alisikiliza muda mrefu kuliko saa yoyote inavyohitaji. Alipofumbua macho alimtazama binti yake. Kisha akamtazama yule kijana, na miguu yake iliyochomwa, na shati lake. Mwisho akamtazama mama yake mzazi pale chini.

"Vipi huko?" bibi akaita bila kuinua kichwa. "Mnaniita? Muda umekwisha? Gari la watu hilo, kama muda umekwisha semeni!"

Mzee Mwinyimvua akaingiza ukucha kwenye kile kifundo kidogo cha pembeni, akakivuta. Mshale mwembamba ukatulia palepale ulipokuwa.

"Saa imesimama, mama," alisema kwa sauti kubwa. "Nimeipima mwenyewe. Wewe tafuta."

Akaitia mfuko wa shati, akainama, akaanza kuburura matawi.

Sahani waliiona baadaye sana, jua lilipokwisha kuegemea upande mmoja. Panga la Tarsis liligonga kitu kilicholia kama kikombe, naye akalitupa na kupiga magoti, akaondoa udongo kwa vidole mpaka maua ya buluu yakatokea na ukingo wake uliomeguka. Hakuigusa zaidi. Alirudi nyuma akampisha mwenyewe.

Bibi Mwanamkuu alikaa chini, akaweka kiganja juu ya sahani.

"Hodi, mama," alisema. "Nimechelewa. Wamenileta watoto."

Ubani uliwashwa, dua ikasomwa. Tarsis alisimama mbali kidogo, ameinamisha kichwa, mikono imeshikana mbele, kama afanyavyo kanisani kwao.

Walipokuwa wanakula samaki uani kwa Bi Sikudhani ndipo bibi aliposhtuka. "Na gari?"

"Gari limepata wenyeji, bibi," Tarsis alijibu. "Nitalala nalo hapa, kesho alfajiri nitakuja nalo. Nyie mtapanda basi kabla la mwisho halijapita."

"Na mzigo wa baba yako mdogo?"

Tarsis alichambua mwiba wa samaki kwa uangalifu mkubwa. Mzee Mwinyimvua akaweka chini andazi lake.

"Isidori atakwambiaje?"

"Atasema nikatafute pa kulala, mzee."

"Nawe utamwambiaje?"

"Kwamba saa ilisimama."

"Atakuamini?"

"Hapana."

"Hata mimi nisingekuamini. Una saa nzima kuliko zote Kariakoo." Mzee alijifuta vidole taratibu. "Tangu masika unaniletea saa isiyoumwa, unaniambia imesimama. Ulidhani nakuamini? Nilikuwa naifungua tu, naifunga, nangoja nione mwenye saa ana ugonjwa gani. Leo nimeuona."

Siwema alihisi masikio yanawaka. Bibi alikuwa anatafuna, lakini macho yake yalikuwa yanacheza ngoma.

"Sasa sikiliza. Saa hii naondoka nayo. Kesho jioni njoo uichukue nyumbani. Usije peke yako. Uje na Isidori. Atakapokuwa anagomba, mimi fundi nitamwambia kwa kinywa changu kwamba saa ilisimama Kunduchi, tena nimeisimamisha mimi. Akishapoa, kutakuwa na mengine. Wewe una dini yako, sisi tuna yetu, na jambo hilo si dogo. Hayazungumzwi juu ya mifupa ya samaki. Wazee watakaa."

Tarsis alijaribu kusema kitu. Maneno yake ya wiki nzima yalikataa kurudi. "Ahsante, baba," alisema tu, na ilikuwa mara ya kwanza kumwita hivyo.

"Na Bakili?" Siwema aliuliza, sauti yake ndogo kama ya Sitara.

"Nitakwenda Gerezani asubuhi mwenyewe. Muungwana hangojeshwi jibu, hata likiwa chungu."

"Atacheka," bibi alisema. "Atalipia, lakini atacheka."

Tarsis aliwasindikiza mpaka kituoni. Basi lilikuja limejaa watu waliotoka pwani, nywele zina mchanga, watoto wamelala mabegani. Siwema alipanda wa mwisho. Hawakugusana hata kidole, lakini alipokaa dirishani alimwona bado amesimama barabarani, pekupeku, viatu mkononi, anacheka kile kicheko chake kinachoanzia machoni. Safari hii kilikuwa kimefika mdomoni.

Njiani Sitara alipanda magotini pa babu yake.

"Babu, saa ngapi?"

Mzee Mwinyimvua akaitoa saa mfukoni, akaisogeza mbali kidogo na macho, akaisoma kwa utulivu.

"Saa saba imepita kidogo."

"Saa saba ya wapi?" bibi akamaka. "Na jua lile linazama!"

"Ya Kunduchi, mama," mzee alijibu, akairudisha mfukoni bila kukigusa kile kifundo. "Mwenyewe akija kesho, ndipo nitaiwasha."